Maji ya Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi Mama Mkubwa alifunika cherehani yake, akafunga kibanda chake cha ushonaji, kisha akaita mara moja tu. Hakuwa mtu wa kuita mara mbili.

"Haya, Kiranja! Maji hayajichoti!"

Na Kiranja, msichana wa miaka kumi na miwili, aliacha ufagio popote alipofika, akamfuata. Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama yake. Siku nyingine zote alishona nguo za watu: sare za shule, magauni ya harusi, suruali zilizopasuka mahali pasipotajwa. Lakini Jumamosi asubuhi ilikuwa ya kanisa. Shingoni alivaa uzi mweusi wenye ufunguo mmoja, ufunguo wa chumba kidogo cha kufulia kilichokuwa nyuma ya kanisa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu mwingine aliyeuvaa.

Chumba chenyewe kilikuwa na bomba, sinki la saruji, meza ya kupigia pasi na beseni moja jeupe lenye kovu jeusi ukingoni. Beseni hilo halikuguswa kwa kazi nyingine. Siku moja mama anayepamba maua kanisani aliloweka humo mashina ya maua yake. Mama Mkubwa hakumgombeza. Alilimwaga, akalisugua kwa majivu mara tatu, yule mama akiwa amesimama pale pale anatazama. Yule mama hakurudia tena.

"Hapa hatufui nguo," Mama Mkubwa alipenda kusema. "Hapa tunafua vitambaa vya altare. Nguo zako za jasho kafulie kwenu."

Vitambaa hivyo vilikuwa vya aina mbili. Kimoja ni cha mraba, kinachotandazwa altareni chini ya kikombe na sahani ya hostia, ule mkate wa Misa. Kingine ni chembamba, ambacho padri hufutia kikombe baada ya komunyo. Kabla sabuni haijavigusa, viliwekwa kwenye maji matupu kwa nusu saa. Hayo ndiyo yaliyoitwa maji ya kwanza, nayo hayakumwagwa kwenye sinki hata siku moja. Yalibebwa kwa mikono miwili, kuuzunguka ukuta wa kanisa, mpaka kwenye mwaridi uliozungushiwa mawe. Pale yalimiminwa ardhini, taratibu, mahali ambapo mguu wa mtu haukanyagi.

Zamani, Kiranja alipokuwa bado anang'oka meno, aliwahi kuuliza sababu.

"Kitambaa hiki kimegusa Mwili na Damu ya Kristo," Mama Mkubwa alimjibu. "Huenda imebaki chembe ndogo ambayo jicho langu na lako haliioni. Sasa unataka nikaitupe kwenye mtaro, ikapishane na ukoko wa sufuria za watu?"

Kiranja alitikisa kichwa. Tangu siku hiyo alilijua jambo hilo kama alivyolijua jina lake.

Na jina hilo la Kiranja alipewa na watoto wenzake. Katekista, yaani mwalimu wao wa dini, alikuwa amemkabidhi benchi la mbele la watoto wakati wa Misa, naye akalishika kama jemadari. Alijua nani amepiga goti nusu kama mtu aliyechomwa na mwiba. Alijua nani amechovya kiganja kizima kwenye maji ya baraka kama anayenawa akale. Kengele ya mageuzo, mkate na divai vinapogeuka Mwili na Damu ya Kristo, ilipolia na watu wote wakainamisha vichwa, Kiranja aligeuka nyuma kuhakikisha kwamba wameinamisha kweli.

"Mezeni haraka, huyo anakuja!" watoto walinong'onezana akiingia.

Aliyecheka zaidi ni shoga yake wa chanda na pete, ambaye wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupata likizo. Mama yake mzazi alisema kwamba hata usingizini mtoto huyo hujibu maswali ambayo hajaulizwa.

Basi, Jumamosi moja kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Mama Mkubwa alikuwa ameshaloweka vitambaa pale mtoto wa jirani alipofika mbio, anahema.

"Fundi! Bibi harusi amekuja kujaribu gauni. Zipu imekataa kupanda!"

"Haijakataa zipu," alisema Mama Mkubwa akijifuta mikono. "Amekataa yeye kuacha kula." Akamgeukia Kiranja. "Nusu saa ikitimia, maji unajua pa kuyapeleka. Vitambaa viache kwenye meza, nitarudi kuvitia sabuni mwenyewe. Beba polepole."

"Najua, Mama Mkubwa."

"Kujua unajua. Mimi nakuambia ufanye."

Haukupita muda Chiriku akachungulia mlangoni, ameweka mfuko wa plastiki kichwani.

"Wewe bado uko hapa? Shuleni mwalimu anagawa nafasi za igizo sasa hivi! Mwaka jana nilichelewa dakika tano nikapewa kuwa mti. Saa nzima nimenyoosha mikono, mpaka inzi wakanizoea."

Kiranja alitazama nje. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Njia ya kuuzunguka ukuta ilikuwa tope tupu, na mtu aliyebeba beseni kwa mikono miwili hawezi kujifunika wala kukimbia.

"Mwaga hapo hapo," Chiriku alisema.

"Kwenye sinki? Una wazimu?"

"Si maji tu? Hayana hata povu. Nani atajua?"

"Wewe."

Chiriku alijipiga kifua. "Mimi kaburi. Umewahi kusikia kaburi likisema?"

Wakashikana vidole vya mwisho, kama walivyofanya tangu darasa la kwanza. Kiranja alivitoa vitambaa, akaviweka mezani, akatazama ndani ya beseni. Maji yalikuwa maangavu, ungedhani hayana kitu. Akaliinamisha. Yalizunguka mara moja kwenye tundu la sinki, yakakoroma, yakaenda. Kupitia dirishani aliyaona yakitokea kwenye mtaro, na bata wa jirani akachovya mdomo. Kiranja aligeuza uso upesi.

Wakiwa njiani kwenda shuleni walipita kibandani. Mama Mkubwa alikuwa amepiga magoti nyuma ya bibi harusi, pini zimejaa midomoni.

"Umemwaga?"

"Nimemwaga."

"Kwenye mwaridi?"

"Kwenye mwaridi, Mama Mkubwa."

Mama Mkubwa alitoa pini moja mdomoni, akatabasamu. "Ahsante, mwanangu. Angekuwa mtu mwingine, ningekwenda kuhakikisha."

Maneno hayo yalimkaa Kiranja kooni kama mfupa. Lakini shuleni hakupewa kuwa mti. Alipewa kuwa hakimu, na furaha ikausukuma mfupa ukashuka.

Kesho yake, Jumapili, kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Kiranja alikaa mwishoni mwa benchi lake, macho yanazunguka. Wakati wa komunyo ulipofika, watoto waliokwisha pokea Komunyo ya Kwanza wakajipanga, mikono imekunjwa kifuani. Mbele yake alikuwa Chiriku, na taya la Chiriku lilikuwa linacheza.

Chingamu! Kabla ya komunyo mtu hufunga saa nzima, asile chochote. Kila mtoto alifundishwa hivyo. Kiranja hakungoja. Alimshika mkono mwenzake na kumvuta nje ya mstari.

"Huendi!" alisema kwa sauti iliyofika benchi la nne. "Unatafuna!"

Vichwa viligeuka. Mtu mmoja alicheka puani. Chiriku alisimama katikati ya kanisa, uso umemwiva, macho yamejaa maji, kisha akarudi kwenye benchi peke yake huku watu wote wakimtazama. Kiranja akasonga mbele, akafungua viganja, akajibu "Amina," akapokea. Hakukumbuka kabisa beseni. Au alikumbuka, akajisahaulisha.

Misa ilipokwisha, watu walisimama uani kusalimiana. Katekista aliwaita wasichana wote wawili pembeni, lakini pembeni yenyewe ilikuwa hatua tano tu kutoka kwa akina mama.

"Chiriku, ni kweli ulikuwa na chingamu?"

"Ni kweli, mwalimu," Chiriku alijibu. Kisha akamnyooshea Kiranja kidole. "Na yeye je? Mbona yeye haulizwi? Jana kamwaga maji ya vitambaa vya altare kwenye sinki! Yakaenda mtaroni! Bata akayanywa, nimeona kwa macho yangu! Na leo kapokea!"

Akina mama wote wakageuka.

Kiranja alimkodolea macho. Chiriku! Chiriku aliyeshikana naye kidole! Alitaka kusema ni uongo, lakini alipoinua macho yalikutana na ya Mama Mkubwa, aliyekuwa amesimama kati ya akina mama wale. Mama Mkubwa alimtazama kama fundi anavyotazama kitambaa kizuri alichokikata vibaya, ambacho hakiungiki tena.

Kisha akageuka, akaenda kwenye sakristia, chumba ambamo padri huvulia mavazi ya Misa. Kiranja alimfuata mpaka mlangoni. Alimwona akiuvua ule uzi mweusi, ukakwama kidogo kwenye kilemba, akautoa, akauweka mezani.

"Padri, vitambaa vya leo nilikuambia viko sawa. Havikuwa sawa. Niliyemwamini hakustahili, na mimi niliyemwamini ndiye mwenye kosa. Tafuta mwingine."

"Fundi, subiri kwanza tuzungumze..."

Lakini alikwisha toka. Alimpita Kiranja mlangoni kama anavyopita nguzo.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Chiriku na Kiranja hawakusemeshana. Shuleni, watoto waliokuwa wakimeza vitu kwa hofu akiingia, sasa walimwuliza kwa adabu kubwa, "Kiranja, bata hajambo?" na wote wakaanguka kicheko. Kila kicheko kilimwongezea hasira juu ya mtu mmoja. Kaburi gani linalofumuka siku moja baada ya maziko?

Nyumbani hakuna aliyemgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama yake alisema tu, "Dada yangu hali vizuri." Jumatano Kiranja hakuweza tena. Alikwenda kibandani, akasimama kando ya cherehani iliyokuwa ikikimbia.

"Mama Mkubwa, Chiriku kanisaliti. Aliniapia. Alisema yeye kaburi."

Cherehani ikasimama.

"Na wewe uliniambia kwenye mwaridi."

Kiranja akaanza kulia.

"Unalia kwa sababu aliyeahidi kunyamaza kasema," Mama Mkubwa alisema, bila kupandisha sauti. "Haya, lia, ni haki yako, inauma. Sasa niambie, mimi nimlilie nani? Kilichoniumiza si bata, mwanangu. Nilikuwa na pini mdomoni, nikakuambia nakuamini, na wewe ukaniitikia ukinitazama usoni."

Mguu wake ukarudi kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza tena kukimbia. Kiranja alitoka nje. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili aliililia sura ile nyingine, ya Mama Mkubwa mwenye pini mdomoni, na jina la Chiriku halikumjia mdomoni.

Ijumaa, baada ya masomo, alikwenda kumtafuta padri. Alimkuta ndani ya kanisa, juu ya ngazi, anabadilisha taa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Umekuja wakati mzuri. Shika ngazi hiyo, inacheza."

Kiranja akaishika kwa mikono miwili. "Padri, nimekuja kusema habari za maji. Chiriku ndiye aliyesema kwamba..."

"Chiriku simwoni hapa," padri alisema kutoka juu. "Beseni lilikuwa mikononi mwa nani?"

Kiranja aliikamata ngazi kwa nguvu zaidi. "Mwangu. Chiriku alisema tu, mimi ndiye niliyemwaga. Niliogopa mvua, nikaogopa kuwa mti kwenye igizo. Halafu nikamdanganya Mama Mkubwa. Halafu nikapokea. Na nilimwaibisha Chiriku wakati mimi..." Akaegemeza paji la uso kwenye ngazi. "Mama Mkubwa hakujua kitu, Padri. Mrudishie ufunguo wake. Tafadhali."

Padri alishuka polepole, akajipangusa vumbi. Hakuwa amekasirika, wala hakuwa anatabasamu.

"Mungu hapotei mtaroni, mwanangu. Aliyepotea njia ni wewe. Tunayapeleka maji yale kwenye mwaridi ili mikono yetu isisahau ilichokishika. Yako ilisahau. Kesho jioni nitakaa kwenye kitubio, utakuja uungame." Aliingia sakristia, akarudi na uzi mweusi. "Na huu, nikimrudishia mimi nitakuwa nimerudisha chuma tu. Si mimi niliyemwumiza. Mpelekee wewe. Kuupokea au kutoupokea ni shauri lake."

Jumamosi asubuhi Kiranja alisimama mbele ya cherehani, ufunguo kwenye kiganja kilichofunguka.

"Nimemwambia Padri ni mimi. Yote. Sikumsingizia Chiriku." Akausogeza ufunguo mbele. "Nisamehe, Mama Mkubwa. Hata kama hutaki nikusaidie tena, usiache kazi yako kwa ajili yangu."

Mama Mkubwa alikuwa anapinda ukosi wa shati. Aliupinda mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno. Akautazama ufunguo, akamtazama mtoto, akautazama tena ufunguo. Kisha Mama Mkubwa akauchukua, akaupitisha juu ya kilemba chake na kuushusha shingoni. Akafunika cherehani.

"Haya, Kiranja," alisema. "Maji hayajichoti."

Kwenye geti la kanisa walimkuta Chiriku, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," alisema haraka, kisha akamgeukia Kiranja. "Ile chingamu nilikuwa naimeza. Ulivyonivuta ikanikwama. Nilidhani nakufa pale pale mbele ya altare."

"Nisamehe," Kiranja alisema. "Ningekunong'oneza tu. Lakini na wewe uliniumiza."

"Na wewe uliniumiza."

"Uliapa."

"Najua niliapa. Nilikasirika."

Wakatazamana kama watu wawili ambao hawajaamua bado kama watacheka.

"Mkimaliza kutazamana," Mama Mkubwa alisema, "kuna vitambaa vinangoja."

Nusu saa ilipotimia, Kiranja alilinyanyua beseni kwa mikono miwili. Safari hii hapakuwa na mvua, lakini alitembea kama aliyebeba yai. Chiriku alitangulia kuondoa vijiti njiani. Kwenye mwaridi Kiranja alipiga goti, zima, akamimina maji ya kwanza kidogo kidogo mpaka udongo ukayanywa yote. Na ajabu ni kwamba toka chumbani mpaka mwaridini, na kurudi, Chiriku hakusema neno hata moja.

Baadaye, wakati pasi ya mkaa inapita juu ya kitambaa cha mraba, Mama Mkubwa alizungumza.

"Nisikilizeni ninyi wawili. Chiriku, mdomo una mlango, nao hufungwa kabla ya Misa na kabla ya kuapa. Ukiona kosa, mwambie mwenyewe, au mkubwa, kwa faragha. Usilifuge moyoni ukaja kulirusha kama jiwe siku umekasirika. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Mkubwa."

"Na wewe, Kiranja. Kupiga goti, kufunga saa moja, kunyamaza, kukunja mikono, vyote ni vizuri, na vyote nimekufundisha mimi. Lakini umevigeuza fimbo ya kupigia wenzako. Heshima ya Misa haianzii benchi la mbele, mahali watu wanakuona. Inaanzia huku nyuma, kwenye sinki, mvua inanyesha na hakuna anayekutazama. Ukiwa mwaminifu hapa, hata kule mbele goti lako litakuwa goti. Usipokuwa, ni mazoezi ya viungo tu." Akakunja kitambaa mara tatu, kisha mara tatu tena, kikawa kidogo kama kiganja. "Nimekusamehe. Kukuamini kama zamani, hapana, bado. Hilo utalifua mwenyewe, Jumamosi hadi Jumamosi."

"Ndiyo, Mama Mkubwa," Kiranja alisema. Akachukua kile kitambaa chembamba, akakipiga pasi mwenyewe. Kwenye kona alikosea akaacha kikunjo kimoja.

Jioni ile aliungama kwa padri. Siku ya pili yake, kengele ya mageuzo ilipolia, Kiranja aliinamisha kichwa na kukiacha pale pale. Baada ya komunyo aliinua macho kuelekea altareni. Padri alikuwa anafuta kikombe, taratibu, kwa kitambaa cheupe chenye kikunjo kwenye kona. Miaka yote aliyosaidia kufua vitambaa vile, hakuwahi kuviona vikifanya kazi yake, maana dakika ile macho yake yalikuwa siku zote kwenye midomo ya watu.

Nyuma yake mtu alikuwa anatafuna kitu.

Kiranja hakugeuka.